Kugeuza Pua, Kulaza Bawa: Historia ya Usukani katika Ndege za Mfano

Usukani wa ndege ni kibao chembamba kilichosimama wima mwishoni mwa mkia, ambacho hupindwa kushoto au kulia ili hewa inayopita ikisukume, mkia uende upande mmoja na pua ielekee upande wa pili. Katika maelezo ya kawaida kazi yake huishia hapo, kwa sababu kulaza ndege ubavu huhesabiwa kuwa kazi ya aileroni, yaani vibao vya nyuma ya mabawa karibu na ncha, na kuinua au kuinamisha pua huhesabiwa kuwa kazi ya elevata, yaani kibao cha mlalo kilicho mkiani. Historia ya ndege za mfano, zile ndege ndogo ambazo mtu huziunda kwa mikono yake na kuzirusha bila rubani ndani, haikubaliani na mgawanyo huo. Kwa takriban robo karne, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1960, sehemu kubwa ya waliorusha ndege hizo kwa redio walikuwa na usukani tu wa kuziongozea, na kwa usukani huohuo walipiga kona, waliteremka, walipanda na hata kuchora duara la wima angani. Baadaye, zana zilipoongezeka na mashindano kuwa makali, athari zilezile zilizokuwa mtaji wa kizazi cha kwanza zikawa kasoro ambazo kizazi kilichofuata kilitumia miaka mingi kuziondoa.

Nahodha wa jahazi anaposukuma kana ya usukani, maji yaliyoushika mkuku hukizuia chombo kisiteleze kwa ubavu, hivyo omo inapogeuka chombo kizima huifuata kwa muda mfupi. Ndege haina mkuku. Pua yake ikigeuzwa kushoto, uzito wake huendelea kuisukuma katika njia ya awali huku kiwiliwili kikiwa kimekaa mshazari, na kwa muda huo upepo huijia kutoka mbele upande wa kulia. Hali hiyo, ambayo hapa itaitwa mteleza wa ubavu, ndiyo mzizi wa karibu kila jambo litakaloelezwa, maana upepo wa mshazari haugusi mkia peke yake: hupiga mabawa, hupiga kiwiliwili, na hubadili hata njia ya hewa iliyokwisha kupita juu ya mabawa kabla haijafika kwenye kibao cha mlalo cha mkiani.

Athari ya kwanza kufahamika ilikuwa ile inayotokana na pembe ya mwinuko, yaani kiasi ambacho ncha za mabawa zimeinuliwa kuliko mashina yake, hata mabawa yakitazamwa kwa mbele yafanye umbo la herufi V iliyopanuka sana. Upepo wa mshazari ukitoka kulia, bawa la kulia huupokea kwa upande wake wa chini, kwa hiyo pembe yake ya kukabili hewa huongezeka na nguvu yake ya kuinua hukua. Bawa la kushoto, ambalo mteremko wake umeupa upepo mgongo, hupoteza nguvu hiyo. Ndege hulala kushoto, upande uleule ambako usukani uliigeuza pua. Hivyo usukani, bila kugusa bawa, hulilaza bawa, na kadiri pembe ya mwinuko inavyokuwa kubwa ndivyo ulazaji huo unavyokuwa wa nguvu na wa haraka.

Sir George Cayley, mwungwana wa Yorkshire aliyeunda mwaka 1804 kielelezo cha ndege isiyo na injini chenye urefu wa takriban mita 1.5, alikuwa na vipande viwili vya fumbo hili mkononi mwake. Kielelezo chake kilikuwa na bawa la umbo la tiara na mkia wa msalaba, usukani na elevata zikiwa kitu kimoja kilichofungwa kwa kiungo kinachoweza kuelekezwa upande wowote, na katika makala aliyoyachapisha mwaka 1809 na 1810 alieleza kwamba mabawa yaliyoinuliwa huirudisha ndege sawa inapolala. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba bawa lililoshuka huwa karibu zaidi na mlalo na kwa hiyo hubeba zaidi kuliko lile lililopanda. Hakuona kwamba kinachofanya kazi kubwa ni mteleza wa ubavu, na kwa hiyo hakuunganisha mkia wake unaogeuka na mabawa yake yanayojisawazisha, ingawa vyote viwili vilikuwa mezani kwake. Si haki kumlaumu, kwa kuwa hewa haionekani, na kielelezo kilichorushwa mlimani kikaanguka baada ya sekunde chache hakikumpa mtazamaji nafasi ya kutenganisha chanzo na matokeo.

Aliyekuja kuipa ndege ya mfano uhai wa kutosha kuchunguzwa alikuwa kijana wa Kifaransa, Alphonse Pénaud, ambaye tarehe 18 Agosti 1871 alirusha katika bustani ya Tuileries mjini Paris ndege ndogo yenye upana wa sentimita 45 hivi, iliyoendeshwa na rafadha, yaani panga za kusukuma hewa, iliyozungushwa na ukanda wa mpira uliosokotwa. Ndege hiyo iliruka kwa sekunde 11 mbele ya mashahidi. Ncha za mabawa yake ziliinuliwa ili zilinde usawa wa kulia na kushoto, na kibao cha mkiani kiliinamishwa kidogo kuliko bawa ili kilinde usawa wa pua. Kanuni hii ya pili inastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo itakayoeleza baadaye namna usukani ulivyoweza kuinua pua: bawa likiwa na pembe kubwa zaidi kuliko kibao cha mkiani, ndege hutafuta mwendo mmoja tu unaoifaa, ikienda kasi kuliko huo pua hupanda yenyewe, na ikienda polepole pua hushuka yenyewe.

Wakati wa kuzaliwa kwa ndege za kubeba watu, mitazamo miwili kuhusu usukani ilipingana waziwazi. Orville na Wilbur Wright hawakutaka mabawa yanayojisawazisha. Waliyapindisha mabawa kwa nyaya ili ndege ilale pale rubani anapotaka. Ndege yao isiyo na injini ya mwaka 1902 ilikuwa mwanzoni na vibao vya wima vilivyofungwa imara mkiani, na mara kadhaa ilipolala sana iliteleza kwa ubavu, vibao hivyo vikashikwa na upepo wa mteleza na kuigeuza ndege kuelekea bawa lililoshuka hadi bawa hilo likachimba mchanga. Dawa waliyoipata mwezi Oktoba mwaka huo ilikuwa kuufanya usukani ugeuke na kuufunga pamoja na nyaya za kupindisha mabawa. Kwao usukani haukuwa chombo cha kupigia kona, bali cha kusahihisha kosa linalozaliwa na mabawa. Huko Ufaransa, Henri Farman alipomaliza kilomita moja ya mzunguko mjini Issy-les-Moulineaux tarehe 13 Januari 1908, ndege yake iliyoundwa na ndugu Voisin haikuwa na njia yoyote ya kupindisha mabawa. Aligeuka kwa usukani, ndege ikiwa karibu sambamba na ardhi na ikiteleza kwa upana. Miezi saba baadaye Wilbur Wright alionyesha karibu na Le Mans kona za ndege iliyolala vizuri, na urubani wa ndege kubwa ukafuata njia hiyo hadi leo. Njia ya Farman ilionekana kufa. Ukweli ni kwamba ilihamia katika ndege ndogo, ikaishi humo miaka mingi kuliko ilivyoishi katika kubwa.

Katika kipindi hichohicho hisabati nayo iliingia. G. H. Bryan, profesa wa Bangor nchini Wales, alichapisha mwaka 1911 kitabu chake kuhusu uthabiti wa ndege, ambamo milinganyo ya mwendo iligawanyika katika makundi mawili yasiyoingiliana: kundi moja la kupanda na kushuka kwa pua pamoja na mabadiliko ya kasi, na kundi la pili la kulala, kugeuka na kuteleza kwa ubavu. Mgawanyo huo ni kazi ya akili kubwa na bado ndio msingi wa masomo ya uhandisi wa ndege. Kwa mujibu wake usukani unahusiana na kulala, lakini hauhusiani na pua kupanda wala kushuka. Hata hivyo Bryan alikuwa mwangalifu kuweka sharti kwamba mambo huwa hivyo mienendo inapokuwa midogo na ndege inapokuwa na pande mbili zinazolingana. Warushaji wa ndege za mfano walikuja kuishi nje kabisa ya sharti hilo, wakiwa na usukani unaopindwa hadi mwisho na ndege inayolala nyuzi 60, na walichokiona angani kilikuwa na haki kamili ya kutofautiana na milinganyo.

Kabla ya redio, usukani wa ndege ya mfano ulipindwa ardhini tu. Mrushaji wa ndege huru, yaani ile inayoachwa iende bila kuongozwa, aliukunja ukingo wa usukani kwa milimita moja au mbili ili ndege izunguke juu ya uwanja badala ya kwenda moja kwa moja na kupotea, kisha aliiachilia na kukimbia nyuma yake. Hapo ndipo somo la usukani na pua lilipofundishwa kwa gharama kubwa. Ukingo ukikunjwa kupita kiasi, mzunguko mpana ulianza kubana, bawa la ndani likashuka, na kwa kuwa nguvu ya kuinua sasa ilivuta kwa mshazari badala ya kuvuta juu, ndege ikaanza kuzama. Kasi ikaongezeka, usukani uliozidi kupigwa na hewa ukaongeza nguvu yake, na mzunguko ukawa parafujo inayoelekea ardhini. Injini ndogo za petroli zilipoenea katika miaka ya 1930, hasa ile ya Brown Junior ya Marekani, hatari hiyo iliongezeka mara nyingi, kwa sababu ndege iliyopanda kwa kasi iliweza kugeuka parafujo ndani ya sekunde mbili tatu.

Wabunifu walijibu kwa maumbo mapya. Carl Goldberg wa Chicago alitoa mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege yake maarufu ya Zipper, iliyokuwa na bawa lililowekwa juu ya nguzo nyembamba na kukunjwa kuelekea juu katika sehemu kadhaa, na Charles Hampson Grant, mhariri wa jarida la Model Airplane News, akaandika mwaka 1941 kitabu kizito kuhusu nadharia ya ndege za mfano ambamo uwiano kati ya eneo la mkia wa wima na pembe ya mwinuko ulijadiliwa kwa kina. Kilichothibitika ni kwamba vitu hivi viwili lazima vipimwe pamoja. Mkia wa wima ukiwa mkubwa na pembe ya mwinuko ikiwa ndogo, ndege huzama kwa parafujo. Pembe ikiwa kubwa na mkia ukiwa mdogo, ndege huyumba kushoto na kulia kama bata anavyotembea. Yote haya yalijulikana kabla usukani haujaongozwa na mtu aliyesimama ardhini, na ndiyo sababu redio ilipofika ilikuta ndege ambayo tayari iliundwa ili kulitii pigo dogo la usukani.

Pacha wawili wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Walter na William Good, ndio wanaotajwa zaidi katika sura ya redio. Ndege yao Guff, yenye upana wa mita 2.4 hivi, ilianza kurushwa kwa redio mwaka 1937 na kushinda mashindano ya taifa ya Marekani yaliyofanyika Detroit mwaka 1938. Tangu mwaka 1960 imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Guff ilikuwa na usukani na elevata, jambo la anasa kwa wakati ule. Vifaa vya redio vilikuwa vizito, na hata vali ya kioo ya RK61 ambayo kampuni ya Raytheon iliitoa mwaka 1938 kwa ajili ya kazi hii hasa, ilipunguza uzito lakini haikuweza kupokea zaidi ya habari moja: kuna ishara au hakuna. Mtu wa kawaida, asiye na maarifa ya redio kama ya William Good, alilazimika kuchagua sehemu moja ya ndege ya kuongoza, na karibu wote walichagua usukani.

Sababu ya uchaguzi huo ndiyo kiini cha historia hii. Aileroni peke yake haimpi mrushaji uwezo juu ya pua, na elevata peke yake haimpi uwezo wa kuirudisha ndege uwanjani. Usukani, ukiwekwa kwenye ndege yenye pembe kubwa ya mwinuko na mpangilio wa Pénaud wa bawa na mkia, humpa vyote vitatu kwa mpigo mmoja, ingawa kwa kuchelewa na kwa zamu. Walter Good mwenyewe, aliyekuwa na uwezo wa kuunda mitambo tata, alichapisha mwaka 1949 ramani ya ndege ya usukani pekee aliyoiita Rudder Bug, na katika miaka ya 1950 Hal deBolt akafuata na mfululizo wa ndege za Live Wire, zilizouzwa zikiwa vipande vya mbao za balsa ndani ya boksi na kuwafundisha wengi kurusha.

Chombo kilichounganisha ishara ya redio na usukani kiliitwa eskapimenti. Ndani ya kiwiliwili ulinyooshwa ukanda wa mpira uliosokotwa, ambao ulitaka kuzungusha gurudumu dogo lenye mikono, na sumaku ya umeme ililizuia gurudumu hilo hadi ishara ilipofika. Mrushaji alipobonyeza kitufe, gurudumu lilienda robo mzunguko na usukani ukapindwa kulia kabisa. Alipoachia, likaenda robo nyingine na usukani ukarudi katikati. Alipobonyeza tena, usukani ukaenda kushoto. Hapakuwa na kulia kidogo wala kushoto kiasi. Katika eskapimenti za mwanzo mrushaji alipaswa pia kukumbuka zamu iliyopita, kwa kuwa aliyemaliza kwa kulia angepata kushoto atake asitake, na kama alihitaji kulia tena ilimbidi abonyeze na kuachia upesi ili kuiruka zamu ya kushoto. Aina za baadaye zilitoa kulia kwa kubonyeza mara moja na kushoto kwa kubonyeza mara mbili, na hilo pekee liliokoa ndege nyingi.

Kwa kitufe kimoja cha namna hiyo kulizaliwa ufundi ambao haujapewa heshima inayoustahili. Kona ya kawaida ilipigwa kwa vipigo vifupi vilivyofuatana, kila kimoja kikiongeza ulalo kidogo kabla pembe ya mwinuko haijaurudisha. Kuteremka kulifanywa kwa kuushikilia usukani: ndege ililala, ikapoteza sehemu ya nguvu ya kuinua inayovuta juu, pua ikazama, na urefu ukashuka kwa parafujo iliyotawaliwa. Kupanda kulitokana na kuachia. Ndege iliyokuwa imezama kwa mizunguko miwili au mitatu ilikuwa na kasi kubwa kuliko ile iliyopangiwa, na mara usukani uliporudi katikati mabawa yalijisawazisha, tofauti ya pembe kati ya bawa na kibao cha mkiani ikaidai kasi ya ziada, na pua ikainuka kwa nguvu. Mrushaji aliyeachilia kwa wakati barabara aliiona ndege yake ikipanda wima, ikalala chali na kumaliza duara zima. Aliyegusa tena usukani ndege ilipokuwa inapanda, aliifanya ibiringike au igeuke kileleni na kurudi ilikotoka. Duara la wima ni tendo la pua tupu, na lilifanywa na kibao ambacho, kwa mujibu wa milinganyo ya mienendo midogo, hakina mamlaka juu ya pua.

Gharama yake haikuwa ndogo. Ndege iliyopangwa ili iinue pua kwa urahisi iliinua pua pia pale ilipokutana na upepo wa mbele, ikapanda pasipotakiwa na kurudishwa nyuma, kwa hiyo waundaji walielekeza injini chini kwa nyuzi kadhaa ili mvuto wa rafadha uzuie upandaji huo, na kidogo kulia ili kusahihisha msokoto wa injini. Kila ndege ikawa mapatano kati ya wepesi wa kupiga duara na utulivu wa kurudi nyumbani, na mapatano hayo yalifanyika ardhini kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyochomekwa chini ya bawa.

Jaribio la kuutoa ufundi huo katika kifungo cha kulia kabisa na kushoto kabisa lilileta mfumo ambao warushaji wa Kimarekani waliuita Galloping Ghost. Mota moja ndogo iliuchezesha mkia mfululizo mara kadhaa kwa sekunde. Muda wa ishara ukirefushwa upande mmoja, usukani ulikaa zaidi upande huo, na kasi ya ishara ikibadilishwa, elevata ilikaa zaidi juu au chini. Ndege ilitikisika kwa mwendo wa farasi anayekimbia, lakini kwa mara ya kwanza mtu mwenye redio ya ishara moja aliweza kuuomba usukani kiasi kidogo na kukipata. Utambuzi muhimu ulitokea hapo: pigo dogo la usukani, likishikiliwa, huigeuza ndege karibu bila kuishusha pua, na pigo kubwa huiangusha. Athari ya usukani kwa pua haikui kwa mstari ulionyooka, kwa sababu nguvu inayopotea ndege inapolala nyuzi 15 ni asilimia 3 au 4 tu, ilhali inapolala nyuzi 60 inayobaki kuvuta juu ni nusu.

Wakati huohuo redio za matete, ambazo kila ulimi mwembamba wa chuma ndani ya kipokezi ulitikiswa na mlio wake maalumu, ziliwezesha kuongoza sehemu kadhaa za ndege, na mwaka 1960 Ed Kazmirski wa Marekani alishinda mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za ndege za redio mjini Dübendorf, Uswisi, kwa ndege yake Orion. Baada ya hapo zikaja redio za uwiano, ambazo kibao cha ndege hufuata kila mwendo wa kidole kwa kiasi kilekile, na Phil Kraft, aliyekuwa mtengenezaji wa redio za aina hiyo, akashinda ubingwa wa dunia mwaka 1967 huko Corsica kwa Kwik-Fli. Aileroni zikashika kazi ya kulaza, elevata ikashika kazi ya pua, na pembe ya mwinuko ikapunguzwa hadi ikabaki ndogo sana. Kwa miaka kadhaa wengi waliukumbuka usukani wakati wa kuongoza gurudumu ardhini na katika michezo michache tu ya angani.

Ulirudi kwa mlango mwingine. Sarakasi zilizodai ndege ibiringike polepole, isimame katika robo za mzunguko, au ipite uwanja mzima ikiwa imelala kwa ubavu, zilifanya kiwiliwili kiwe bawa: ndege iliyolala nyuzi 90 haibebwi na mabawa yake, bali hubebwa na ubavu wake unaokabili hewa kwa mshazari, na kinachoushikilia mshazari huo ni usukani. Sasa mteleza wa ubavu ulidumu kwa sekunde nyingi, tena kwa nguvu, na kila athari iliyojificha ikajitokeza mbele ya waamuzi. Ndege yenye pembe ya mwinuko iliyozidi ilibiringika kurudi upande wa usukani, na yenye pembe iliyopungua ilibiringika upande wa pili. Hata urefu wa usukani ulihusika, kwa kuwa usukani uliopanda juu ya mhimili wa ndege husukuma mkia na papo hapo huibiringisha ndege kinyume na athari ya pembe ya mwinuko. Bawa lililowekwa juu ya kiwiliwili hufanya kana kwamba lina pembe kubwa kuliko iliyopimwa, kwa sababu hewa inayokizunguka kiwiliwili kwa mshazari hulipiga kutoka chini upande unaotangulia, na lililowekwa chini hufanya kinyume. Ndiyo maana ndege mbili zenye pembe sawa kwenye ramani hutofautiana kabisa zikiwa angani.

Kasoro ya pua ndiyo iliyosumbua zaidi, na kasoro hiyo haikuwa na chanzo kimoja. Ndege nyingi zilizoshikiliwa kwa ubavu zilivuta kuelekea tumboni, nyingine kuelekea mgongoni. Mkia wa mlalo hupokea hewa iliyosukumwa chini na bawa, na mteleza wa ubavu unapoihamisha hewa hiyo pembeni, mzigo uliokuwa juu ya mkia hubadilika hata kama elevata haijaguswa. Ukinzani wa usukani uliopindwa, ukiwa juu ya kitovu cha uzito, nao huvuta pua. Kisha kuna rafadha, ambayo ikizunguka kwa kasi hukataa kuelekezwa kwingine na kuligeuza pigo kwa robo mzunguko: kwa rafadha inayozunguka kulia ikitazamwa kutoka nyuma, pua ikigeuzwa kushoto hutaka kupanda, na ikigeuzwa kulia hutaka kushuka. Marubani wa ndege za vita za mwaka 1917 zenye injini zinazozunguka, hasa Sopwith Camel, waliijua tabia hii kwa kuiogopa. Katika ndege za mfano zinazorushwa kwa waya, ambazo huzunguka mrushaji wake na usukani wake huelekezwa nje ili waya zikazwe, Al Rabe wa Marekani aliligeuza tatizo upande wa pili: aliuunganisha usukani na elevata ili kila pua inapoinuliwa au kushushwa ghafla, usukani uondoe mgeuko unaozaliwa na rafadha.

Warushaji wa sarakasi walitafuta tiba ya pua katika mbao kwanza. Walisogeza kitovu cha uzito kwa milimita chache, walibadilisha pembe ya bawa kwa sehemu ya nyuzi, waliinua au kushusha kibao cha mkiani, na walirefusha kiwiliwili kwenda juu hadi ndege za mashindano zikawa na tumbo na mgongo mpana kuliko ilivyohitajiwa kwa kubeba injini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 redio zenye kompyuta ndani zilileta njia ya mkato: mrushaji aliweza kuiagiza redio yenyewe kwamba usukani ukipindwa, elevata na aileroni zisogee kwa asilimia chache kufidia. Njia hiyo ni halali na leo hutumiwa na kila mtu, lakini washindani wakubwa waliendelea kuiona kuwa ya mwisho baada ya mbao kurekebishwa, na walikuwa sahihi. Fidia iliyopangwa kwa mwendo mmoja na pigo moja la usukani huwa si sahihi mwendo ukibadilika, ilhali ndege iliyoundwa vizuri hubaki sawa katika miendo yote.

Upande mmoja wa ufundi huu haukuwahi kuziona athari hizo kuwa kasoro. Ndege zisizo na injini zinazotafuta hewa moto inayopanda zinahitaji kuzunguka polepole kwa dakika nyingi, na kwa kazi hiyo bawa lisilo na aileroni ni jepesi, imara na safi zaidi kwa hewa. Blaine Rawdon, mhandisi wa ndege, aliandika mwaka 1988 katika jarida la Model Aviation mfululizo wa makala uliompa muundaji njia ya kukokotoa pembe ya mwinuko ya bawa lililokunjwa mara kadhaa, kiasi kwamba lililokuwa suala la mazoea likawa suala la hesabu. Mark Drela, profesa wa MIT, alibuni baadaye Bubble Dancer, ndege ya mita 3 inayoongozwa kwa usukani na elevata pamoja na vibao vya kupunguza nguvu ya kuinua wakati wa kutua, na huko Ujerumani mashindano ya ndege za mbao zisizozidi upana wa mita 2, zenye zana hizohizo tatu, yamewarudisha watu wengi kwenye meza ya balsa. Mrushaji wa ndege hizo huanza mzunguko kwa pigo la usukani, husubiri kitambo mteleza wa ubavu ulilaze bawa, hupunguza usukani ulalo unapotosha, kisha huvuta elevata kidogo sana, kiasi tu cha kuirudisha ile pua ambayo usukani umeishusha.